Wapagazi wa Vita Kuu Waliandikwa

Ziko kauli kuhusu vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki ambazo zimerudiwa mpaka zikaota mizizi. Zote zinamgusa mpagazi, yule aliyebeba unga, risasi na mahema ya wengine kutoka Kilimanjaro hadi ng'ambo ya mto Ruvuma. Nazijibu hapa kwa kutumia nyaraka ambazo wenye kauli hizo hawazifungui: makaratasi ya ugavi ya majeshi yenyewe, yaani hesabu za mizigo, orodha za posho, daftari za mishahara na taarifa za kuandikisha watu.

Inayouma kuliko zote ni hii: kwamba wapagazi hawakuandikwa popote, kwa hiyo waliokufa hawawezi kuhesabiwa wala kutajwa. Jeshi linalolisha watu na kuwalipa haliwezi kufanya hivyo bila kuwaandika. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyejua Kiswahili, na kazi yake kubwa ilikuwa ya daftari: kumpa kila mtu namba, kumvalisha kipande cha chuma chenye namba hiyo, kufuatilia alikopelekwa na anachodai. Vita vilipokwisha, kukatokea mabishano marefu kati ya serikali za koloni na London kuhusu mishahara ya wapagazi waliokufa au ambao hawakupatikana. Ni nani awezaye kubishania mshahara wa marehemu asiye na jina wala namba? Deni lenyewe ni ushahidi kwamba daftari lilikuwepo.

Tazama pia Shelisheli. Desemba 1916 visiwa vile vidogo vilipeleka vibarua 791 Kilwa. Miezi mitano baadaye waliobaki walirudishwa nyumbani, na zaidi ya 300 walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi. Tunaijua hesabu hiyo kwa sababu kuna mtu aliyewahesabu walipopanda meli na akawahesabu tena waliposhuka.

Kilichokosekana ni nia. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu kwa ujumla, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Taarifa hiyo hiyo inaonyesha jinsi Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alivyotaka makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yamezwe na msitu, na kwamba hakupenda hata kuzifikiria hesabu za Waafrika waliopotea. Mtu hakwepi hesabu isiyokuwepo. Na katika miaka ya karibuni Tume hiyo imekuwa ikipitia majalada ya kikoloni yaliyohifadhiwa na Jeshi la Ulinzi la Kenya jijini Nairobi, na humo yametoka majina ya maelfu ya Waafrika yasiyokuwa kwenye ukuta wowote wa kumbukumbu. Kwa hiyo anayesema majina hayapo aseme kwanza ni majalada gani aliyoyafungua.

Kauli ya pili haihitaji maneno mengi. Inasema watu walikwenda kwa hiari, kwa kupenda mshahara. Sheria ya kuandikisha wapagazi ya mwaka 1915 katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, iliwapa wakuu wa wilaya mamlaka ya kuchukua wanaume kwa lazima. Mshahara nao ulishushwa, kutoka rupia 10 kwa mwezi mwanzoni mwa vita hadi rupia 5. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa utawala wa koloni hilo, akapewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi zaidi, na katika miezi michache wakakusanywa wapatao 120,000. Kazi ambayo mshahara wake unakatwa nusu huku wafanyakazi wakiongezeka kwa makumi elfu, haiendeshwi kwa hiari.

Ya tatu husemwa hata na wapenzi wa historia. Wanasema karatasi za ugavi ni za makarani, na historia ya vita iko kwenye mapigano: Tanga, Mahiwa, Rufiji. Hapa nataka tukae kidogo, maana hizo karatasi ndizo zinazoeleza kwa nini watu walikufa.

Kusini mwa reli ya kati hapakuwa na barabara za kutegemewa, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Kikabaki kichwa cha binadamu. Sasa piga hesabu ambayo kila ofisa wa ugavi alilazimika kuipiga. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anahitaji kilo moja kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku 10 kutoka reli. Kwenda atakula kilo 10, kurudi kilo 10. Askari aliyeko mbele anapata kilo 5. Safari ikirefuka hadi siku 12 kwenda na 12 kurudi, inabaki kilo moja. Ukiweka maghala njiani na kupokezana mizigo, kila mtu atatembea kidogo, lakini midomo ni ileile na unga wa kuilisha unatoka kwenye njia ileile. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917 zilipofurika bonde la Rufiji, njia ikakatika na hesabu ikaharibika. Aliyepunguziwa posho kwanza ni nani, kama si mbebaji?

Halafu kuna unga wenyewe. Wengi walipewa unga wa mahindi ambao hawakuuzoea, umesagwa vibaya, na mtu aliyetembea mchana kutwa akauivisha nusu nusu kwa kuni mbichi usiku. Kuhara damu kukawaua, pamoja na malaria na homa ya mapafu. Hesabu rasmi za Waingereza zinakubali vifo vya wapagazi wapatao 45,000. Geoffrey Hodges, mwanahistoria aliyefuatilia makaratasi ya kikosi cha wapagazi kwa miaka mingi, aliona idadi ya kweli haiwezi kuwa chini ya 100,000. Risasi haziwezi kueleza vifo hivyo. Posho, blanketi na umbali vinaeleza.

Kauli ya mwisho imevaa sifa za ushujaa: kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipigana miaka minne bila msaada, kwa werevu wake na uaminifu wa askari wake. Meli mbili zilipenya kumletea silaha: Rubens, Aprili 1915, ghuba ya Manza karibu na Tanga, na Marie, Machi 1916, huko Sudi karibu na Lindi. Shehena ya Marie ilisafirishwa nchi kavu kwa vichwa na mabega ya watu. Chakula kilichukuliwa vijijini. Huko Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua ilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikaua watu kwa makumi elfu. Ludwig Deppe, daktari aliyetembea na jeshi hilo la Kijerumani, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa.

Watetezi wa sifa hizo hujibu kwamba nyaraka za Wajerumani ziliteketea. Ni kweli kwamba hifadhi ya jeshi huko Potsdam iliungua kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Lakini majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, ya serikali ya koloni yako kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na shajara za vita za Waingereza ziko Kew, London. Humo mna hata hesabu ya waliosalimu amri na Lettow-Vorbeck huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi katika hesabu hiyo ni wengi kuliko askari.