Fleti ya Unguja na hati ya shamba

Majuzi nilikuwa Kiritiri, kule Mbeere. Nilipokuwa nikinywa chai hotelini, mzee mmoja ninayemfahamu, mkulima wa muguka, alinivuta kando akanionyesha karatasi yenye kung'ara. Ilikuwa na picha ya fleti ya vyumba viwili huko Unguja, bahari ikionekana dirishani.

"Wewe ni mtu wa magazeti," akasema. "Hebu niambie, Mkenya anaweza kuinunua hii?"

Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, alikuwa na swali tofauti: "Na hati ya shamba itarudi lini?" Kumbe mzee alikusudia kuiweka hati hiyo benki ili apate malipo ya kwanza.

Najua wako wengi mijini wenye ndoto kama ya mzee huyu, kwa hivyo nimeonelea niyajibu maswali yote mawili hapa.

Naam, Mkenya anaweza kununua fleti Zanzibar. Lakini afahamu kwanza anachonunua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992, mgeni haimiliki ardhi bali hukodishiwa kwa miaka maalumu. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya fleti ndiyo iliyofungua mlango kwa wageni kununua nyumba katika majengo kama yale ya Fumba na Paje. Kwa hivyo unanunua kuta, na miaka ya kukaa ndani yake. Ukiambiwa mkataba ni wa miaka 99, uliza ulianza kuhesabiwa lini.

Usiseme, "Lakini sisi sote ni Afrika Mashariki!" Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha mambo ya ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Wala tusiwalaumu jirani zetu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu mgeni kumiliki ardhi hapa Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mwitaliano wa Malindi yumo katika mashua hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa hata senti, mtafute wakili wa Zanzibar, wako mwenyewe, si yule unayeletewa na muuzaji. Akuchunguzie kama mradi unatambuliwa na mamlaka ya uwekezaji ya huko, ZIPA. Kama jengo bado ni mchoro tu, uliza pesa zako zitawekwa wapi, na utarudishiwa nini likikwama. Uliza pia ada ya kila mwezi ya ulinzi na usafi, kwa maana hiyo hulipwa hata mlango ukiwa umefungwa mwaka mzima. Na ukifariki, wanao watairithi nyumba ile kwa kufuata sheria za huko, si za Embu.

Sasa swali la mama. Bei ya fleti ile iliandikwa kwa dola, ilhali muguka huuzwa kwa shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu 130. Malipo ya dola 500 yalitoka shilingi 80,000 hadi 65,000. Safari hiyo yalipungua, lakini yangeweza vilevile kupanda. Na nani amesahau Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga muguka marufuku, hata mahakama ikaingilia kati? Wakati huo mkulima alilala hajui kesho atauza wapi, na benki haingojei.

Isitoshe, mzee hawezi kuipeleka hati hiyo peke yake. Kwa sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, mali ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Sahihi ya mama ni lazima.

Nilimwuliza mzee atakaa Unguja siku ngapi kwa mwaka. Akafikiri, akasema, "Labda kumi, wakati wa Krismasi." Basi siku kumi si hukodiwa tu, wala hazihitaji hati ya shamba? Mwenye akiba ya ziada na anunue, tena kwa heri. Lakini shamba linalosomesha watoto lisiwekwe rehani kwa ajili ya upepo wa bahari.

Na atakayekwenda, jambo moja: muguka aiache nyumbani. Tanzania huihesabu mirungi miongoni mwa dawa za kulevya.

Mzee aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Hakuitupa. Ila hati, nilivyoarifiwa baadaye, alimpa mkewe aiweke sandukuni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame akiona anachoshika.