ZAMU YA USIKU NA MIMI (Sehemu ya 4): WEKA ENAJI CHINI, PIKA KAKAO

Nimetoka zamu sijalala, ila hili nisiposema usingizi hautakuja.

Usiku nimepokea tena kijana wa duarani. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Namuuliza, umekula nini tangu jana? "Enaji nne tu, nesi." Siyo wa kwanza. Hapa Mwakitolyo enaji imegeuka chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Kuna na mama anamwonjesha mtoto wa miaka minne eti anyamaze!

Mimi nasema hivi: mwili uliokesha unadai maji, chakula na usingizi. Enaji inaficha uchovu tu, haiuondoi.

Najua mtaniambia, nesi unakataza halafu hutoi mbadala. Haya, mbadala huu hapa, ndio nakunywa nikiwa na zamu ya usiku.

Wenyewe ni watu wa Mexico. Kakao yao wanatia mdalasini na pilipili kidogo. Msicheke, wazee wao walikuwa wanatia pilipili kwenye kakao hata kabla Wahispania hawajafika. Wana kijiti cha mti wanazungusha kwa viganja mpaka povu lipande. Ukikiona utasema upekecho wa bibi. Aina nyingine, champurrado, wanatia unga wa mahindi. Sasa huo si uji jamani?

Na kakao siyo ya kigeni. Inalimwa Kyela, sema nyingi inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu, sisi tunakuja kununua kopo.

Kwa watu wawili:
- maziwa vikombe 2 (au kimoja cha maziwa na kimoja cha maji)
- kakao ya unga vijiko 2 vya chakula
- sukari vijiko 2 vya chai
- mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- pilipili ya unga, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili, isizidi
- chumvi chembe

Changanya vikavu na maji ya moto kidogo mpaka uji mzito, usione madonge. Mimina maziwa, chemsha moto mdogo, pekecha. Anayeshuka duarani mwongezee kijiko kimoja cha unga wa mahindi uliokorogwa na maji baridi, uchemke mpaka uive. Hapo ana kitu tumboni.

Sasa ya unesi. Kakao siyo dawa na haiongezi damu. Mama mjamzito, vidonge vyako vya damu usimezee kakao wala chai, vinapunguza nguvu ya dawa. Meza na maji, subiri saa moja au mbili. Mwenye kisukari, acha sukari. Mwenye vidonda vya tumbo, acha pilipili.

Na la mwisho, sufuria. Iliyochomewa zebaki isirudi jikoni. Hata uisugue na majivu mpaka ing'ae, isirudi. Zebaki huioni wala huinusi, na anayeumia zaidi ni mtoto na yule aliye tumboni.

Wewe unayesoma una mtu wako anashuka shimoni leo usiku? Mpikie kikombe kimoja kabla hajatoka. Mimi naenda kulala.