Barua za Manamba
Ndoa inapoyumba, washauri hawakosi: makungwi, masheikh, wachungaji, hata Baraza la Usuluhishi ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka Watanzania, kwa kawaida, walipitie kabla ya kudai talaka mahakamani. Mimi katika mwaka wangu mgumu nilitulizwa na barua ambazo babu na bibi waliandikiana, babu akiwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, bibi akilima kwao Songea. Si barua za mahaba matupu. Baada ya salamu ndefu na hali ya kila mgonjwa kijijini, bibi anauliza mbona fedha haikuja, na yule mwanamke anayesikika huko ni nani. Babu anajibu kwa hasira. Barua inayofuata anaomba radhi. Na bibi hakujua kuandika! Uchungu wote huo aliusema mbele ya mtoto wa shule aliyemwandikia. Nilizisoma usiku watoto wakishalala, na upweke ukanipungua, maana wazee tuliosimuliwa kama malaika nao walilia. Simwambii anayepigwa avumilie. Huyo aondoke leo. Lakini kama kwenu kuna sanduku la barua, liokoe na mchwa, uzisome, na mwenzako umsomee kama bado mnasemezana.