Kocha, Unamtayarisha kwa Mechi ama kwa Marathoni?

Nitasema hii na najua kuna makocha watanitoa kwa magrupu ya WhatsApp: tunawafundisha wachezaji wetu kukimbia polepole. Tunafanya hivyo kila jioni, kwa bidii kabisa, halafu Jumapili tunashangaa mbona winga wetu wa miaka 20 anaachwa na beki mwenye watoto watatu.

Zunguka viwanja vya Nairobi saa kumi na moja jioni. Nenda Camp Toyoyo pale Jericho, nenda Umeme kule Ziwani, nenda kiwanja chochote cha vumbi nyuma ya shule ya msingi. Mara nyingi utakuta picha ile ile. Vijana 25 kwa laini, wanazunguka uwanja. Raundi kumi. Raundi kumi na tano. Kocha yuko katikati na filimbi, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Aliyechelewa anaongezwa raundi tano. Aliyepoteza mpira, raundi tatu. Timu ikifungwa wikendi, Jumanne wote wanazunguka mpaka mtu atapike, na akishatapika kuna mzee kando ya uwanja atasema, "Hapo sasa wamefanya mazoezi."

Hayo ni mateso yenye filimbi.

Hebu tuangalie mechi yenyewe. Mchezaji wa kulipwa akicheza dakika 90 anamaliza kama kilomita 10 hadi 13. Makocha wetu wanaishika hiyo namba na kukimbia nayo, literali. Lakini sehemu kubwa ya hizo kilomita ni kutembea na kukimbia pole, mtu anarudi kwa nafasi yake. Zile mbio za kutoa kila kitu ni sehemu ndogo sana, na moja inachukua sekunde mbili, tatu, nne hivi, mara nyingi chini ya mita 20. Halafu inakwisha. Ukiuliza mechi iliamuliwa wapi, iliamuliwa hapo. Mwaka wa 2012 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi yao baada ya kuangalia mabao 360 ya ligi yao. Asilimia 83 ya mabao yalitanguliwa na tendo la nguvu la mfungaji ama la aliyempa pasi: kuchomoka, kuruka, kugeuka ghafla. Kwa wafungaji, tendo lililoongoza lilikuwa kuchomoka mbio mstari mmoja, asilimia 45. Hakuna bao linalofungwa kwa sababu straika alizunguka uwanja mara kumi na tano Jumanne.

Kuna pia ile ya kukimbia dakika 12 bila kusimama, kocha anaandika umefika wapi na kukata majina. Hicho kipimo kilitungwa na daktari Mmarekani, Kenneth Cooper, na kikajulikana mwaka wa 1968. Alikuwa anawapima wanajeshi wa jeshi la anga. Alitaka kujua moyo na mapafu yao yako aje, na kwa hiyo kazi ni kipimo kizuri. Hakikutungwa kuchagua winga. Unaweza kumwacha kijana mwenye hatua tano za kwanza hatari kuliko wote mtaani, eti juu alikuwa wa mwisho kwa dakika 12.

Sahi kuna mtu anaandika, "Lakini boli bila stamina?" Sijasema bila stamina. Nasema huyo kijana stamina anayo kabla hajafika uwanjani. Wengi wa hawa wachezaji wa ligi za chini wanatoka mjengo. Amebeba mawe na simiti tangu asubuhi, amekunywa chai na mandazi mbili, kisha ametembea kutoka Kariobangi mpaka kiwanjani kuokoa nauli. Anafika miguu tayari imeisha. Wewe unamkaribisha na raundi kumi. Na ukiulizwa kuhusu mazoezi ya nguvu, unasema, "Huyu hahitaji, anafanya mjengo." Buda, mjengo unachosha. Haumwongezei uzito kidogo kidogo kila wiki akiwa amepumzika, haupimi, na haujali kama kesho ana mechi. Ukitaka kuongeza pumzi, waweke wanne kwa wanne kwenye kiwanja kidogo, dakika nne nne, na mpira. Watahema sawa sawa, na watakuwa wamecheza boli.

Kasi inafundishwa kwa njia ambayo makocha wetu wengi hawawezi kuvumilia kuiangalia, juu inaonekana kama uvivu. Unamkimbiza mtu mita 20 ama 30 kwa nguvu zake zote. Kisha anapumzika. Si sekunde kumi. Makocha wa mbio fupi wana hesabu ya kienyeji ya karibu dakika moja ya kupumzika kwa kila mita kumi, kwa hivyo mita 30 ni kama dakika tatu za kusimama tu, kutembea, kupiga stori. Mbio sita za hivyo zinatosha. Kazi yote ya kukimbia haifiki mita 200. Najua kocha anaona vijana wamesimama na damu inamchemka, anapuliza filimbi warudie kabla hawajatulia. Hapo ndipo anaua kitu. Ukianza mbio ya pili ukiwa bado unahema, hukimbii tena kwa kasi yako ya juu, unakimbia kwa kasi ya mtu aliyechoka, na mwili unajifunza hiyo. Mara kumi, wiki arobaini kwa mwaka. Halafu tunasema Mkenya wa boli hana kasi kwa damu.

Hiyo ya damu inaniudhi sana. Eti sisi ni watu wa mbio ndefu. Septemba 2021, pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Kabla ya mbio fupi huyo jamaa alikuwa anacheza raga. Na tukitaja raga, hao vijana wetu wa wachezaji saba kila upande walishinda Singapore mwaka wa 2016, wakaipiga Fiji 30 kwa 7 fainali. Wakenya. Wanakula ugali ule ule. Tofauti ni kwamba raga ya Kenya ilikubali zamani kwamba chuma ni sehemu ya kazi, na boli bado inaogopa.

Inaogopa nini? Nimesikia yote. Chuma kinafanya mtu mzito. Chuma kinadumaza, usimpe mtoto wa miaka 15. Wacha nianze na hiyo ya pili. Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya uzito yanayosimamiwa vizuri yanazuia mtoto kurefuka. Mtoto akiruka kutoka ukuta wa shule, magoti yake yanapokea mzigo unaozidi uzito wake mara kadhaa, na hakuna anayempigia kelele. Na kuhusu uzito: mtu anayenyanyua mara tatu, nne, tano, chuma kizito, mara mbili kwa wiki, kisha anacheza boli siku zingine, havimbi kama walinzi wa klabu za usiku. Anapata nguvu ya kusukuma ardhi. Hiyo ndiyo kasi. Mtu mwenye mbio anakuacha kwa sababu kila hatua yake inagonga ardhi kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Kurusha miguu hewani haraka hakumpeleki popote.

Na hapo niwaguse wenzangu wa kutengeneza video, msijifiche. Zile ngazi za kamba mnazolaza chini, miguu inacheza tika-tika-tika, wimbo juu yake, maandishi "Jinsi ya kuwa na kasi kama Mbappé". Zinapata watazamaji, najua, namba zangu naziona pia. Lakini mtu anaweza kuwa mfalme wa ngazi na akaachwa na kila mtu kwenye mita 20. Ni densi nzuri. Kijana wa Kayole anatumia bando lake la mwisho kuangalia hiyo kitu akidhani ni njia ya kutoka. Mkitaka kumsaidia, mwonyesheni vile anafaa kutua.

Kutua, eeh. Kwa sababu makocha wachache wanaofundisha kuruka, wanafundisha nusu. Wanasema ruka juu, ruka tena, ruka mara hamsini, kwenye uwanja mgumu kama lami. Hakuna anayeangalia magoti yakirudi chini. Goti likiingia ndani kila anapotua, siku moja kwenye mechi litaingia na kano ya katikati ya goti itakatika, na hiyo ni upasuaji na karibu mwaka mzima nje, kama hela ya upasuaji itapatikana. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi, wanaumia hiyo kano mara mbili, tatu kuliko wanaume. Na ni wasichana wetu wa chini ya miaka 17 waliotupeleka Kombe la Dunia mwaka wa 2024, timu ya kwanza ya boli ya Kenya kufika huko, ya umri wowote, wa kiume ama wa kike. Hao ndio tunawarusha kama vyura kwenye murram bila kuwafundisha kutua. Mwanzo ni rahisi tu: ruka mara moja, tua kimya, simama kama picha, goti juu ya kidole. Ukisikia kishindo, hajatua vizuri. Mara sitini kwa siku zinatosha mtu anayeanza, na kwenye nyasi ukipata nyasi.

Mtaani kwetu kuna winga, sitamtaja, alikuwa na miaka 19. Msimu mmoja alivutwa msuli wa nyuma ya paja mara tatu. Mguu ule ule. Mara ya kwanza alisuguliwa na mafuta ya moto, akafungwa bandeji, wiki mbili akarudishwa mechi kwa sababu timu ilikuwa inapigania kupanda daraja. Hakuwa amekimbia hata mbio moja ya nguvu zote mazoezini, raundi tu. Mwili ambao wiki nzima umetembea gia ya pili, unaambiwa Jumapili uingie gia ya tano. Unadhani nini kitapasuka? Mara ya pili ilichukua mwezi. Mara ya tatu timu iliacha kushika simu. Hawakumlipia hata kliniki, mamake ndiye alichangisha. Leo anaendesha boda, kazi ni kazi, lakini mguu bado unamshika akikaa sana.

Na dawa ya kupunguza hiyo kitu ni bure. Inaitwa zoezi la Nodiki. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajiachilia kwenda mbele polepole ukijizuia na mapaja ya nyuma mpaka ushindwe, unadaka chini na mikono. Basi. Tafiti za timu nyingi zikiwekwa pamoja, majeraha ya hapo yanapungua karibu nusu. Anza na mara tano, seti mbili, kwa wiki moja ama mbili, na usifanye siku ya kuamkia mechi maana mara ya kwanza utashindwa kuketi. FIFA wenyewe walitoa FIFA 11+ mwaka wa 2006, kupasha mwili kwa dakika 20, kuna kukimbia, kuna nguvu, kuna kuruka na kutua, ndani yake kuna hilo la magoti pia. Imewekwa bure mtandaoni. Timu zilizoifanya angalau mara mbili kwa wiki zilipunguza majeraha kwa theluthi moja hivi ama zaidi. Dakika 20 ni muda ule ule unaotumika kwa raundi.

Wacha pia tumalize hii ya pesa, maana nitaambiwa hatuna vifaa. Kila mtaa Nairobi una jim ya mabati yenye bomba la chuma na mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Hiyo simiti haijui kama uko Ulaya. Kuchuchumaa na mzigo mgongoni, kunyanyua kutoka chini, kupanda kiti na mguu mmoja, mara mbili kwa wiki, na mtu anayejua akiangalia mgongo wako. Hatua thelathini za mtu mzima zilizowekwa alama na majivu ni uwanja wa mbio. Saa ya kupimia iko kwa simu ya kocha, ile anayotumia kuangalia odi.

Kuna waliokwisha kuniandikia, "Wewe ni nani? Hata chuo ulikiacha." Ni kweli, niliacha mwaka wa pili, sina karatasi. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa video za YouTube, na mwaka wa 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Sijilinganishi naye, mimi mkuki siuwezi. Nasema tu maarifa haya hayajafungiwa ofisini. Kama nimekosea kitu hapa, nirekebishe kwa hoja, uniambie ni wapi raundi kumi na tano ziliwahi kumpa mtu hatua ya kwanza.

Na wewe mzazi unayelipa akademi kila mwezi: ukienda kumchukua mtoto Jumamosi, usimuulize kocha kama anajituma. Muulize alikimbia mita 30 kwa sekunde ngapi Januari, na sasa ni ngapi. Akikujibu kwa idadi ya raundi, muulize hiyo ada inalipia nini.