Gredi A Haimfanyi Mtu Daktari

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitangazwa, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi hupata daktari mpya hata kabla hajakanyaga chuo. Mtoto wa chumba kimoja cha mabati akipata A, majirani wa vijiji vyake vya Sisal na Wapewape humbeba mabegani, mama yake hupigiwa vigelegele, na swali la kozi atakayosomea halimfikii mwenyewe. Limeshajibiwa: "Huyu ni daktari!" Kamera zikifika, naye hulikariri jibu hilohilo. Nani atasimama mbele ya umati ule akiri kwamba hata kuona damu hawezi?

Imani iliyo nyuma ya shangwe hizo ni kwamba anayefaa udaktari ni aliyewashinda wenzake kwa alama, basi. Ni imani potofu, na gharama yake hawailipi matajiri wa mtaa wa Muthaiga, ambao wasiporidhika na daktari huenda kwa mwingine. Huilipa mitaa kama hii, ambako mgonjwa hupokea yeyote aliye zamu siku hiyo katika hospitali ya umma ya Mama Lucy Kibaki au ya Mbagathi.

Tuanze na hiyo A yenyewe. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 waliipata. Mwaka uliofuata, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti wa Baraza la Mitihani, KNEC, Profesa George Magoha, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji, walikaza kamba dhidi ya wizi wa mtihani. A zikashuka hadi 141. Huenda si kila A iliyotoweka ilikuwa ya wizi, na wapo wengi wa 2015 waliotoa jasho la haki. Lakini kipimo kinachoporomoka hivyo kwa mwaka mmoja hakiwezi kuwa shahidi pekee wa tabia ya mtu tutakayemkabidhi kisu na dawa kali za hospitali.

Na kweli gredi ndiyo shahidi pekee. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linamtaka anayeingia kozi hii awe na B au zaidi. Kuanzia hapo, KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hujumlisha alama za masomo, hupanga majina kutoka juu kwenda chini, na nafasi zikijaa mlango umefungwa. Katika safari hiyo yote hakuna binadamu anayemtazama mwombaji usoni na kumuuliza: ukikosea kipimo cha dawa na hakuna aliyekuona, utafanya nini?

Atakayesema hayo ni mambo ya kujifunza mbele ya safari, asome utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za vyuo vitatu vya Marekani, wakawalinganisha madaktari walioadhibiwa na mabaraza yao na wenzao ambao hawakuwahi kuadhibiwa. Waliotiwa adabu walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuwa na doa la utovu wa maadili tangu wakiwa wanafunzi, hasa kutowajibika. Alama duni nazo zilijitokeza kama ishara, ila hafifu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Sisi hata hatumwangalii samaki tunayemnunua.

Hapa kwetu, mwanzoni mwa 2018, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimechanganywa. Mapungufu ya mfumo yalikuwepo, sikatai. Ila aliyehitajika siku ile hakuwa bingwa wa Kemia. Alihitajika mtu wa kusimama na kuuliza, "Mna hakika ndiye huyu?"

Watetezi wa mfumo huu watanionyesha fomu ya afya ambayo kila anayejiunga na chuo hujaza. Fomu hiyo tunaijua. Hupelekwa kliniki yoyote ya mtaani, kibao cha herufi za kupimia macho kikiwa kimefunikwa na makoti nyuma ya mlango, na muhuri hugongwa kabla ya mkanda wa presha kufungwa mkononi. Wakati huohuo mtoto anayetembea kwa mkongojo keshaambiwa na mwalimu asijisumbue kuomba udaktari. Asiyepimwa amepita, na ambaye hakuwa na haja ya kuzuiwa amezuiwa kwa maneno tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma na kuheshimiwa. Sheria ya mwaka 2006 inakataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya virusi vya ukimwi. Swali la haki ni moja: kazi gani hasa hawezi kuifanya, hata akipewa vifaa vya kumsaidia? Kusoma eksirei hakuhitaji miguu.

Akili ndiyo tumeisahau kabisa. Penye swali la ugonjwa wa akili kila mwombaji huandika "La", kwa kuwa anajua ukweli utamponza. Septemba 2024 daktari mwanagenzi wa Hospitali ya Gatundu alijitoa uhai, na chama cha madaktari, KMPDU, kikanyoosha kidole kwa mazingira magumu ya kazi. Wale wenye A nao huvunjika. Kufaa kiakili si kutowahi kuugua. Ni kujua umezidiwa na kuomba msaada mapema. Mtoto wa Mukuru ambaye familia yake ililala hemani baada ya matingatinga kubomoa nyumba za mtaa huo Novemba 2021, huku KCSE ya Machi 2022 ikimkodolea macho, ameonyesha ustahimilivu ambao hakuna karatasi inayoupima. Pia ana majeraha yanayohitaji mshauri. Kumpigia makofi kwa A yake bila kuuliza lolote ni kumtelekeza.

Najua pingamizi zito kuliko yote, na ni la haki: mtihani ndio ngazi pekee ambayo mtoto wa maskini hapandi kwa kujuana. Leteni mahojiano, wataingia watoto wa wakubwa wenye Kiingereza cha puani, na bahasha zitapita chini ya meza. Kwa mahojiano ya watu watatu chumba kimoja, itakuwa hivyo hasa. Lakini Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilionyesha njia nyingine tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: vituo vingi vya dakika chache chache, kila kimoja na mwamuzi wake, ili upendeleo wa mmoja usiamue lote. Mwombaji aingie kwa nambari, bila jina wala shule. Vituo viwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha atakayosemeshwa na mgonjwa wa Mukuru. Na miongoni mwa waamuzi aketi mhudumu wa afya ya jamii, anayemjua daktari mwema kwa namna anavyomsikiliza mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Hapo ndipo aliyewahi kusukuma mkokoteni usiku kumpeleka jirani kujifungua atakuwa na la kusema, na wa bahasha atababaika.

Gredi ibaki kuwa kizingiti, isiwe taji. KMPDC na vyuo viandike wazi viwango vya mwili, akili na maadili vinavyotakiwa, vipimwe kweli, na kila anayekataliwa aelezwe sababu na apewe nafasi ya kukata rufaa. Nanyi wazazi wa Mukuru kwa Njenga, matokeo yajayo yakitoka, pigeni vigelegele mpendavyo. Kisha mketisheni mtoto, mmuulize kama anawapenda watu wagonjwa. Akisema hapana, mwacheni awe mhandisi.