VIJANA WETU NA UWAKILI WA NG'AMBO

Kila mwaka vijana wetu huondoka kwenda kusomea sheria Uingereza na kwingineko. Wazazi wao si matajiri wote. Wamo wafanyakazi waliokopa katika vyama vyao vya akiba na mikopo, na wakulima waliouza mashamba, wakiamini kwamba mtoto akiisha kuvaa joho atakuwa wakili huko huko na deni litalipika. Kwa ajili ya wazazi hao tunaandika leo.

Shahada ya sheria siyo ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili. Tangu mwaka 2021, anayetaka kuwa solisita katika Uingereza na Wales hana budi kufaulu mtihani wenye sehemu mbili, ambao ada yake ni mzigo peke yake, na tena awe na miaka 2 ya kazi ya sheria iliyothibitishwa. Mgeni je, ataipata wapi miaka hiyo? Viza ya wahitimu iliyoanzishwa mwaka huo huo ilitoa miaka 2. Mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wenye shahada ya kwanza au ya pili watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18 tu. Miezi 24 haiingii katika miezi 18. Hesabu hii haihitaji mwanasheria. Asiyeanza mapema kuhesabiwa kazi hiyo, wala kupata mwajiri wa kumdhamini, atarudi na shahada bila uwakili. Na akirudi, yampasa shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha aingie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kama wenzake waliobaki.

Hatuwakatazi vijana kusafiri. Zama za mkoloni hapakuwa na njia nyingine. Ndugu Herbert Chitepo wa Rhodesia alisomea uwakili London, kisha mwaka 1962 akaja Tanganyika kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Lakini Oktoba 1961, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, masomo ya sheria yalianza papa hapa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama kilitoa nyumba yake kwa sababu kilijua kwamba taifa lisilo na wanasheria wake litatafsiriwa haki na wengine.

Maoni yetu ni kwamba kijana na aupate uwakili hapa kwanza. Aliyekwisha kuwa wakili kamili nchini mwake husamehewa huko Uingereza ile miaka 2 ya kazi, ijapokuwa mtihani unabaki. Huyo hata akinyimwa viza ana kazi inayomngoja, na wafanyakazi waliofukuzwa kazini wanaokwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila mtetezi wanamhitaji sana.

Lakini wako mawakala wanaolipwa na vyuo vya ng'ambo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Mtu wa namna hiyo si mshauri, ni mchuuzi. Tunaitaka Serikali iwalazimishe kumwandikia mzazi, kwa Kiswahili, masharti ya uwakili wa nchi ile, ada za mitihani yake na muda wa viza, kabla hawajapokea hata senti moja.