Samaki wa Jumamosi

Ndugu msomaji, hapa Kariakoo samaki ana heshima yake, lakini ni heshima ya kikaangoni. Mwambie mtu wa Mtaa wa Kongo kwamba yuko jirani yake anayefuga samaki wa baharini ndani ya sanduku la kioo, anayewalisha na kuwawashia taa wala hawali, naye atakuuliza swali moja tu: "Wanaliwa lini?" Swali hilo nilikwisha kulisikia mara tatu kabla sijamaliza kupanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa katika Mtaa wa Nyamwezi, nilikoitwa na ndugu mmoja, karani wa duka la vifaa vya umeme, aliyeniandikia barua ya kurasa nne.

Barua yenyewe ilikuwa ya huzuni. Katika muda wa miezi mitatu samaki wake wanane kati ya kumi na mmoja wamekufa. Mawe na matumbawe aliyoyapanga kwa uangalifu yamefunikwa na ukoga wa kijani mrefu kama nywele. Mama mkwe wake anasema ni kijicho cha majirani. Mkewe yeye hasemi habari za kijicho. Amesema tu kwamba mwezi ukiisha hali ikiwa hii hii, tangi litauzwa pamoja na taa zake, na fedha zitalipa karo. "Nisaidie, ndugu mwandishi," alimaliza, "maana binti yangu halali."

Nilimkuta binti mwenyewe, mwenye umri wa miaka tisa, amekaa juu ya kigoda mbele ya kioo. Tangi lina urefu wa sentimeta 90, upana 40 na kina 45, yaani lita 162 kwa hesabu, na ukiondoa mchanga na mawe zinabaki kama 140 hivi. Ndani walikuwamo watatu: wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tasi mmoja ambaye Bibi alinieleza waziwazi kwamba akinenepa hatamvumilia.

Nilianza kama wanavyoanza wote, kwa kuuliza habari za maji na chakula. Ndipo mtoto akanyanyuka, akaleta daftari lake la shule. Kila samaki aliyekufa ameandikwa humo, na siku yake. Nilisoma orodha ile mara mbili. Kati ya vifo vinane, sita vilitokea asubuhi ya Jumamosi.

Maradhi, ndugu msomaji, hayana kalenda. Jambo linalorudi siku moja ya juma hufanywa na mkono wa mtu. Nikamwuliza mama wa nyumba: Ijumaa usiku kuna nini hapa? Akanijibu bila ya kufikiri kwamba Ijumaa nyingi hulala watoto wa dada yake wa Temeke, nao hulazwa mkekani papo hapo sebuleni. Kwa kuwa vyandarua havitoshi, kabla hawajalala yeye hufunga madirisha na kupuliza dawa ya mbu chumba kizima.

Dawa nyingi za kupuliza za siku hizi ni za jamii ya pairethroidi. Zimetengenezwa viwandani kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto, lile lile linalolimwa na wakulima wetu wa Iringa na Mbeya. Mtu hudhurika kidogo nazo akizitumia kama ilivyoandikwa kwenye kopo, lakini samaki huuawa na chembe ndogo mno. Tena pampu ndogo ya hewa iliyokuwa ikinguruma chini ya meza ile huvuta hewa ya chumba, pamoja na dawa iliyomo, na kuisukuma ndani ya maji usiku kucha. Baba wa watu aliinunua ili samaki wapumue, naye hakujua kwamba kila Ijumaa iliwapulizia sumu.

Hapo baba akamgeukia mkewe, na mimi nikaona ugomvi unakuja. Lakini mama alikuwa na lake la kusema, na naliandika hapa kwa kuwa ni la haki. Masika iliyopita binti huyo alilazwa kwa malaria siku tano. "Kaka," aliniambia, "nikichaguliwa kati ya mtoto na samaki, unadhani nitauliza mara mbili?" Sikuwa na jibu, wala mumewe hakuwa nalo. Basi yeyote anayetoa ushauri wa kufuga samaki kwa kusema "acheni dawa ya mbu" hajalala Kariakoo wakati wa mvua.

Tulikubaliana hivi. Kwanza, vinunuliwe vyandarua viwili zaidi kwa ajili ya wageni, na hiyo ndiyo kinga iliyo bora kwa watoto pia. Vikiwa ni vile vyenye dawa, maji ya kuvifulia yasikaribie tangi, wala ndoo iliyotumika isiguse maji ya samaki. Pili, usiku ambao hapana budi kupuliza, pampu izimwe, tangi lifunikwe kwa nailoni na juu yake shuka nzito, na baada ya dawa kufanya kazi madirisha yafunguliwe hewa ibadilike, ndipo pampu iwashwe. Samaki wachache katika maji mengi huweza kustahimili saa moja au mbili bila ya pampu. Lililo jema zaidi ni kuihamishia pampu chumba kingine ambacho hakipulizwi, na kupitisha mpira mrefu. Huyu ni karani wa duka la umeme, hakuhitaji kufundishwa habari za mpira na waya.

Vifo viwili vilivyosalia, vya Jumanne na Alhamisi, vilikuwa vya kitatange. Hao walikufa kwa njaa. Vitatange wengi hula matumbawe yenyewe, wakayadonoa kidogo kidogo kutwa nzima, na ukiwatupia unga wa dagaa huutazama tu. Usinunue kitatange kwa sababu ya uzuri wake. Utakuwa umenunua maiti inayoogelea.

Sasa tuje kwenye ukoga. Ukoga ni mmea kama mchicha, nao unataka mwanga na mbolea, na katika tangi lile vyote viwili vilikuwa vya bure. Jua la alasiri liliingia dirishani moja kwa moja. Taa ziliwashwa tangu alfajiri hadi wageni wa usiku waondoke. Dagaa wa kusagwa walitupwa mara tatu kwa siku, na kila mtoto aliyepita aliongeza chake. Chakula kisicholiwa huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi katika mawe na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Naitreti haina ukali kwa samaki, lakini kwa ukoga ni samadi. Yule tasi, ambaye kazi yake baharini ni kula majani, alikuwa ameshiba dagaa hata hana haja ya kuyagusa.

Kulikuwa na kosa jingine lililonishangaza kwa sababu lilifanywa kwa bidii. Maji ya tangi hukauka, na kwa joto letu lile tangi hupoteza kama lita moja kwa siku. Ndugu yetu aliijaza lita hiyo kwa maji ya bahari aliyoyateka kila juma kule Feri. Lakini kinachokauka ni maji tu, chumvi hubaki! Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Kwa siku 30 ataongeza zaidi ya kilo moja, na katika lita 140 maana yake chumvi inapanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi zaidi ya 42 kwa mwezi mmoja. Kinachokauka kijazwe kwa maji baridi. Maji ya bahari yatumike pale tu unapotoa maji machafu na kuyabadilisha. Nunua kipima chumvi, usipime kwa ulimi.

Na maji ya Feri yenyewe, karibu na meli na mifereji ya mji, yana mbolea tele ya kulisha ukoga, pamoja na mafuta. Maji ya bahari yatekwe mbali na bandari na mbali na mdomo wa Mto Msimbazi, wakati bahari imejaa, wala si siku za mvua kubwa. Ama maji ya bomba, yana klorini. Yaache ndani ya ndoo wazi usiku mmoja na mchana wake huku pampu ikitoa mapovu. Wazee wenye studio za picha walikuwa na "haipo", zile chembe nyeupe za kusafishia picha, ambayo ni dawa hiyo hiyo ya kuondoa klorini inayouzwa leo ndani ya chupa ndogo zenye picha ya samaki. Yaliyochujwa kiwandani ni bora zaidi, kwa kuwa hayana mbolea. Maji ya mvua ya bati za Kariakoo nayakataa: yana zinki na vumbi la mji mzima.

Muuza dawa mmoja sokoni alikuwa amemshauri atie mrututu. Mrututu utaua ukoga, ni kweli. Utaua pia konokono, kaa na matumbawe, kwani shaba iliyomo haivumiliwi na viumbe hao, tena huingia katika mawe na kutoka taratibu kwa miezi mingi. Tuliung'oa ukoga kwa vidole, tukajaza bakuli mbili. Pazia likatundikwa, taa zikapewa saa nane, chakula kikawa kidogo mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, na lita 15 zikawa zinabadilishwa kila juma. Ukoga haukuondoka upesi. Juma la pili ulikuwa bado, la tatu ukaanza kufifia, na nadhani huko ndiko wengi wanakokata tamaa na kuukimbilia mrututu.

Wewe unayetaka kuanza leo, acha tangi lako lenye mawe na maji likae majuma manne hadi sita ili bakteria wazaliane, kabla hujaweka samaki hata mmoja. Ukiona vumbi la rangi ya kahawia kwenye kioo siku hizo, usihangaike, aghalabu hutoweka lenyewe.

Joto la maji saa tisa alasiri lilikuwa nyuzi 31, na vipande viwili vya matumbawe vilikuwa vyeupe kama chokaa. Tumbawe ni mnyama anayeishi pamoja na viumbe vidogo mno ndani ya mwili wake, ambavyo humpa chakula na rangi. Joto likizidi kwa muda mrefu huvitoa, akabaki mweupe, na asipovipata tena hufa. Mwaka 1998 bahari yetu yenyewe ilipata joto la namna hiyo, na matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yakafa. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi moja au mbili. Huko Jakarta, mji wenye joto kama letu, Bwana Lee Chin Eng alieleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa mawe hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu. Lakini yeye alikuwa na samaki wachache.

Nilimwuliza ndugu yetu matumbawe hayo yametoka wapi. Akasita, kisha akasema kijana mmoja humletea kutoka Bongoyo. Sikumficha. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, wala hairuhusiwi kuvunja tumbawe huko. Tumbawe la aina ya jiwe huweza kukua sentimeta moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa ngumi kimemtangulia binti yake kuzaliwa. Alisema hataagiza tena, nami namwamini, kwa sababu mkewe alikuwa anasikiliza.

Nilipita tena baada ya majuma saba. Tangi halijauzwa. Samaki ni wale wale watatu, na nimewasihi wasiongeze. Mama ndiye anayelisha sasa, kwa kijiko cha chai, na watoto wa Temeke hulala ndani ya vyandarua. Katika daftari, mtoto ameandika Jumamosi saba mfululizo, na mbele ya kila moja tarakimu 3. Bibi bado anampima tasi kwa macho.

Barua za wasomaji wa Ilala na Magomeni wanaouliza habari za maji ya kisima yenye chumvi nimezipata, nami nitazijibu Jumapili ijayo.